Mvua ya Mawe Katika Nchi ya Bavaria

Nawaandikia kutoka Bavaria, nchi iliyo kusini mwa Ujerumani. Mimi ni mzaliwa wa Umatengo, wilaya ya Mbinga, na tangu mwaka 2019 nakaa huku nikifanya kazi ya kuwatunza wazee. Leo sitaki kuwaeleza habari za magari wala za maduka makubwa. Nataka kuwaeleza jambo mnalolijua sana ninyi wenyewe, hasa ninyi mnaokaa milimani: mvua ya mawe. Ilitupiga huku siku moja, ikavunja paa la nyumba ninamokaa na mapaa ya kijiji karibu chote. Nimejifunza mambo katika shida ile, na nadhani yatawafaa hata ninyi mnaoezeka kwa bati au kwa nyasi.

Nchi yenyewe

Kwanza niwaonyeshe nchi hii. Ukitoka mji mkubwa wa München ukaelekea kusini, kwa kilometa 50 hivi unapita mashamba na misitu. Kisha, ghafula, milima inasimama mbele yako kama ukuta. Ndiyo Alpi. Chini ya milima hiyo ni majani mabichi kila mahali, maana watu wa hapa ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wakati wa kiangazi ndama na mitamba hupelekwa milimani, kila mmoja na kengele shingoni, nao hurudishwa mwezi wa Septemba. Mahindi hulimwa pia, lakini mengi ni chakula cha ng'ombe, wala hapana anayesonga ugali.

Ni nchi ya Wakatoliki tangu zamani. Kila kijiji kina kanisa, na minara mingi imevimba kileleni kama kitunguu. Kwenye njia panda utakuta msalaba wa mbao wenye kijipaa chake. Yafaa mjue pia ya kuwa kati ya nchi hii na kwetu kuna udugu wa miaka mingi. Abasia ya St. Ottilien iko hapa hapa Bavaria. Kutoka huko walitumwa Wabenediktini waliofika pwani ya kwetu mwaka 1888 wakaanza Pugu, nao ndio walioanzisha Peramiho mwaka 1898. Hivyo mtu wa Ungoni au wa Umatengo akitembelea nchi hii huona vitu vingi anavyovifahamu: matao ya kanisa, vigae vyekundu, bustani ya mboga nyuma ya nyumba.

Nyumba ninamokaa ni ya bibi mmoja mjane, mzee wa miaka zaidi ya 80. Mimi nimepanga vyumba viwili juu, naye anakaa chini. Kuta zake ni nene, na paa lake ni la vigae vya udongo uliochomwa. Juu ya vyumba vyangu ni dari ya mbao, na juu ya dari ni chumba cha paa ambamo bibi huweka masanduku, vitanda vya zamani na matofaa ya kula wakati wa baridi. Nyumba hiyo imepita vita viwili vikubwa. Ukiitazama utadhani hakuna kitu duniani kitakachoitikisa.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Agosti 2023. Siku zilizotangulia joto lilikuwa kali, joto la kumfanya mtu atafute kivuli kama mbwa. Asubuhi ile hewa ilikuwa nzito. Bibi alitazama milima, akasema kwamba mafundo ya miguu yanamwuma, na kwamba tusianike nguo.

Alasiri wingu likatokea upande wa magharibi. Mawingu ya mvua nimeyaona mengi, kwetu na huku. Hili halikuwa na rangi ya mvua. Chini lilikuwa jeusi, na katikati lilikuwa na rangi ya kijani, kama maji ya bwawa yaliyokaa siku nyingi. Ndege wakanyamaza. Upepo ukasimama kabisa. Kisha nikasikia mngurumo kutoka mbali, usiokatika, kama gari moshi linalokuja juu ya daraja. Nikadhani ni radi. Lakini radi hupiga ikanyamaza. Mngurumo huu ulizidi tu kuja.

Bibi aliniita kwa sauti kuu. Alikuwa amekwisha anza kufunga vile vibao vya mbao vinavyofunika madirisha kwa nje. Nikakimbia kumsaidia. Tulifunga vya upande wa mashariki na vya kusini. Vya magharibi hatukuwahi.

Jiwe la kwanza lilianguka juu ya paa: kwa! Likafuata kimya kidogo. La pili likaanguka uani, likaruka juu likafika urefu wa mtu. Ndipo yakaja yote pamoja. Wasomaji wapenzi, sijui niwaeleze kwa mfano gani. Mengine yalikuwa kama yai la kuku, mengine kama ngumi ya mtoto, na mengine yalikuwa na miiba kila upande kama tunda la mnanaha. Hayakuanguka wima. Upepo uliyatupa kwa mshazari, yakapiga ukuta wa magharibi na kubandua lipu. Vioo vya upande ule vikavunjika kimoja baada ya kingine. Juu ya vichwa vyetu tulisikia vigae vikipasuka, na vipande vyake vikianguka juu ya dari.

Tulisimama ukumbini chini, mahali pasipo na dirisha. Bibi aliwasha mshumaa mweusi, nami nitawaeleza habari zake baadaye. Akasali kwa sauti, ingawa sikumsikia. Niliona midomo yake tu. Halafu akanipa ndoo mbili na kunionyesha ngazi kwa kidole. Maana yake ilikuwa wazi: sala naisali mimi, maji utakinga wewe. Nikangoja mpaka mawe yapungue, kisha nikapanda.

Yote hayo yalichukua robo saa hivi, kama muda wa kuchemsha chai na kuinywa.

Baada ya mawe

Nilipofika juu, niliona mbingu. Paa la upande wa magharibi lilikuwa kama chujio. Mwanga uliingia kwa matundu mengi, na maji yalitiririka juu ya masanduku ya bibi. Nilipotoka nje nilikuta uani weupe, na baridi kali ikipanda kutoka ardhini mahali palipokuwa na joto la kuunguza saa moja tu kabla. Matawi ya mitofaa yalikuwa chini. Mahindi ya jirani yalisimama vijiti vitupu, majani yamechanika nyuzi nyuzi. Gari lake lilikuwa na mashimo kama sufuria iliyogongwa kwa nyundo.

Basi, hapa ndipo ninapotaka mtazame vizuri. Nilidhani watu watakaa majumbani mwao wakilia, au wangoje serikali ije. Haikuwa hivyo. Kabla mawe hayajayeyuka king'ora cha kijiji kililia. Kila kijiji cha huku kina kikosi chake cha zimamoto. Hao si watumishi wa mshahara. Ni seremala, mkulima, mwalimu, fundi wa magari, wanaofanya mazoezi jioni na kuweka viatu vyao na kofia zao tayari. King'ora kikilia huacha kazi zao wakaja. Siku ile walikuja hata wale ambao mapaa yao wenyewe yalikuwa yametoboka.

Walifanya jambo moja kwanza: waliuliza katika kila nyumba kama watu wote wapo na kama kuna aliyeumia. Halafu wakaanza kufunika mapaa, kwanza ya wazee na ya wenye watoto wachanga. Walileta turubai, mbao, misumari na kamba. Kijana mmoja alifungwa kamba kiunoni akapanda juu ya paa letu. Mimi nilikuwa chini nikishika ngazi. Majirani walisimama msururu wakipokezana mbao kutoka mkono hata mkono. Wanawake walipika supu katika ukumbi wa kijiji. Giza lilipoingia, paa letu lilikuwa limefunikwa.

Na hiyo haraka ilikuwa na maana. Siku tatu zilizofuata mvua ilinyesha karibu bila kukoma. Nyumba iliyokosa turubai Jumamosi, Jumatatu dari yake ilikuwa imeanguka. Mawe yalitoboa paa, lakini maji ndiyo yanayobomoa nyumba.

Monasteri ya Benediktbeuern

Si mbali na kijiji chetu iko monasteri kubwa ya Benediktbeuern, chini ya mlima wenye urefu wa mita 1,800 hivi. Ilianzishwa katika karne ya 8, mnamo mwaka 740. Kwa zaidi ya miaka elfu moja ilikuwa ya Wabenediktini. Tangu mwaka 1930 inakaliwa na Wasalesiani wa Don Bosco, wanaolea vijana. Mahali hapo pana sifa hata katika elimu ya vioo. Mwanzoni mwa karne ya 19 bwana Joseph von Fraunhofer alitengeneza hapo vioo safi vya darubini, vilivyosifiwa katika Ulaya nzima.

Alasiri ile mawe hayakuheshimu umri wala sifa. Vigae na vioo vya madirisha vilivunjika kwa maelfu, na maji yakaingia katika nyumba zilizo na picha na dari za thamani ambazo mtu wa leo hawezi kuzichora tena. Nilipopita huko baada ya siku chache niliona mapaa marefu yamefunikwa turubai toka mwanzo hata mwisho. Vikosi vya zimamoto vilitoka sehemu mbalimbali za Bavaria, na pamoja nao kikosi cha taifa cha uokozi kiitwacho THW, ambacho karibu watu wake wote ni wa kujitolea. Walifanya kazi siku nyingi, wengi wao wakiwa hawamjui mtu hata mmoja wa kijiji kile.

Mawe yatoka wapi?

Labda utaniuliza: katika mwezi wa joto barafu yatoka wapi? Jibu ni kwamba joto lenyewe ndilo linaloyaleta. Jua likiichoma ardhi, hewa yenye unyevu hupanda juu kwa nguvu. Wingu likikua hufika juu sana, mahali penye baridi ya kugandisha. Huko matone ya maji huganda kuwa punje ndogo. Punje ikitaka kuanguka, upepo unaopanda huizuia, na maji mengine huganda juu yake. Hivyo hukua tabaka juu ya tabaka. Ukilikata jiwe moja katikati mara nyingi utaona pete, kama kitunguu kilichokatwa. Likishakuwa zito kuliko nguvu ya upepo, huanguka. Jiwe kubwa kama ngumi huanguka kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kwa saa.

Kwa sababu hiyo watu wa Dar es Salaam au Lindi huyaona kwa nadra sana. Huko mawe huanguka safari ndefu katika hewa ya joto, yakayeyuka na kufika chini kama mvua tu. Lakini sisi wa milimani tuko karibu na mawingu, nayo hutufikia yangali barafu. Kule Kenya, mashamba ya chai ya Kericho na Nandi yanajulikana kuwa mojawapo ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Na hapa Bavaria milima ya Alpi huisukuma hewa ya joto ipande juu, ndiyo maana vijiji vilivyo chini yake hupigwa mara kwa mara. Wazee wa München hawajaisahau tarehe 12 Julai 1984, yalipoanguka mawe yenye upana wa sentimeta 9 na zaidi, yakaumiza watu wapatao 400 na kuharibu nyumba zipatazo 70,000.

Watu walivyojaribu kujikinga

Tangu zamani watu wa Bavaria wamemwomba Mungu awaepushe na janga hili. Toka sikukuu ya Mtakatifu Marko, tarehe 25 Aprili, hata Kutukuka kwa Msalaba, tarehe 14 Septemba, padre huwapa watu baraka ya pekee ya kuombea mashamba mwishoni mwa Misa. Tarehe 26 Juni huwakumbuka Watakatifu Yohane na Paulo, mashahidi wa Roma, ambao wakulima wa huku huwaita mabwana wa hewa. Ule mshumaa mweusi wa bibi nao ni desturi ya zamani. Hununuliwa mahali pa hija, hasa Altötting kwenye kanisa la Mama Bikira Maria, ukabarikiwa na kuwekwa kabatini. Radi ikinguruma huwashwa, nyumba nzima ikasali.

Lakini si kila desturi ilikuwa nzuri. Zamani wingu baya likionekana walipiga kengele za kanisa, wakidhani kwamba sauti yake italivunja wingu. Masikini, mpiga kengele alisimama katika mnara mrefu kuliko nyumba zote, ameshika kamba iliyolowa! Mwaka 1784 kilitolewa kitabu hapo München kilichohesabu kwamba katika miaka 33 radi ilipiga minara 386 na kuua wapiga kengele 103. Serikali nayo iliikataza desturi ile. Sala ilibaki, kengele ilinyamaza. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hekima. Anayemwomba Mungu amlinde asisimame mahali pa kuvutia radi.

Siku hizi wapo wanaojaribu kwa ndege. Upande wa Rosenheim marubani huruka karibu na mawingu na kumwaga moshi wa dawa yenye madini ya fedha, ili punje za barafu ziwe nyingi na ndogo badala ya kuwa chache na kubwa. Hata Kericho, katika miaka ya 1960, wenye mashamba ya chai walijaribu kurusha roketi mawinguni, kisha wakajaribu ndege. Wataalamu bado wanabishana kama dawa hizo zinasaidia kweli. Lakini paa imara na jirani mwema, hayo hayabishaniwi.

Simu kwa mama

Jumapili jioni nilimpigia mama simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako imechoka?”

Nikamweleza yote. Hakuniuliza habari za masanduku wala za madirisha. Akauliza, “Watu wazima?”

“Wazima, mama. Hakuna aliyekufa hapa kijijini.”

“Na majirani walikuja?”

“Walikuja.”

“Basi hukai porini,” akasema. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, “Unawakumbuka wale wa Mwakata?”

Nilikuwa nawakumbuka. Labda nanyi mnawakumbuka. Mwakata ni kata ya wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 watu wa huko walipigwa na mvua kubwa ya mawe yenye upepo mkali. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakubwa kwa watoto, na mamia ya nyumba yaliharibika. Wengi hawakuuawa na mawe yenyewe. Walikuwa ndani, mahali ambapo kila mtu hudhani ni salama. Nyumba nyingi zilikuwa za tope na matofali mabichi. Maji yalilowesha kuta, kuta zikawaangukia watu gizani.

Nimewaza sana juu ya mambo haya mawili. Mawe ya Bavaria yalikuwa makubwa na ya kutisha. Yalivunja vigae, vioo na magari. Lakini kuta zilisimama, na watu waliokuwa nyuma ya kuta hizo walitoka wazima. Mawe ya Mwakata yalikuta kuta zisizoweza kuvumilia maji. Mbingu iliyowapiga ni moja. Tofauti ilikuwa ukutani. Watu wa huku wana bima za kuwalipa gharama za paa, nasi wengi wetu hatuna. Lakini bima haikumwokoa mtu hata mmoja alasiri ile. Waliookolewa waliokolewa na ukuta mnene, na majirani waliokuwa na turubai tayari.

Tunaweza kufanya nini?

Sisemi tujenge nyumba kama za Bavaria. Hatuna fedha hizo. Lakini yako mambo ambayo baba mwenye nyumba aweza kuyafanya kidogo kidogo.

La kwanza ni msingi. Kama unajenga kwa udongo, anza na mawe chini, ili ukuta usinywe maji kutoka ardhini. Chimba mfereji kuizunguka nyumba, uelekee bondeni, na uuzibue kabla ya masika. Mawe yakianguka kwa wingi huziba mifereji, na maji hugeuka yakaingia ndani.

La pili ni ukuta. Tofali la kuchoma hushinda tofali bichi mara nyingi. Kama huwezi kuchoma ya nyumba nzima, anza na chumba wanacholala watoto. Utokeze paa nje ya ukuta kiasi cha mkono, mvua isipige ukuta moja kwa moja, na upige lipu ule upande unaopigwa na upepo.

La tatu ni paa. Funga boriti zako na ukuta kwa waya mnene au ukanda wa chuma. Bati lisilofungwa vizuri huwa panga linaloruka.

La nne, dhoruba ikija wakati mko nyumbani, kaeni mbali na madirisha na mbali na ule ukuta unaopigwa na upepo. Watoto waingie chini ya meza imara au kitanda. Usikimbilie chini ya mti, kwa ajili ya radi na matawi. Na kama ukuta wako umeanza kulowa na kutoa nyufa, usingoje. Mara upatapo nafasi, hamia nyumba imara iliyo karibu, iwe shule, kanisa au kwa jirani. Usione haya kubisha hodi usiku.

La tano ni shamba. Usiyang'oe mahindi machanga kesho yake kwa hasira. Kama ni madogo, moyo wa mmea bado umo chini ya udongo. Ngoja wiki moja utazame, maana mengi huchipua tena. Kahawa iliyovunjika, kata matawi yaliyopasuka kwa kisu kikali, kisha umwone bwana shamba kwa ajili ya dawa, kwa sababu ugonjwa huingia kwa njia ya vidonda.

La mwisho nawaambia hasa ninyi mnaokusanyika kila juma katika jumuiya ndogondogo. Tayari mnajuana kwa majina. Mnajua nani ni mjane, nani ana watoto wachanga, nani hawezi kutembea. Hicho ndicho kikosi cha zimamoto cha Bavaria kilichokuwa nacho kabla ya turubai. Basi ongezeni vitu vichache: turubai moja kubwa, ngazi moja, kamba, misumari na nyundo, viwekwe nyumbani kwa mtu ambaye kila mmoja anajua njia ya kwenda kwake hata gizani. Patanani leo ni nani atakayekwenda kumwangalia mzee fulani, na ni nani atakayekimbilia kwa mama fulani mwenye mapacha. Jambo hilo halihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Lahitaji mchango mdogo wa kila nyumba, na mazungumzo ya jioni moja, kabla masika hayajaanza.